Uyoga Niliouosha Mpaka Ukapoteza Jina

Ipo Jumapili moja, mwanangu, ambayo ikinijia akilini nikiwa kanisani inabidi nijifanye nakohoa ili watu wasijue kwamba nacheka. Ni Jumapili niliyopanda ngazi za ghorofa ya tatu pale Mchafukoge nikiwa na ndoo ya uyoga mkononi na shati lililopigwa pasi mpaka lingeweza kusimama lenyewe pembeni likanisubiri. Nilikuwa nakwenda kwa wakwe. Nilibaki hatua chache tu niwaue wote kwa mlo mmoja, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza. Kaa vizuri nikusimulie, usishike simu kwanza.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, nauza mboga na mama yangu Kariakoo. Asili yetu ni Kilimanjaro, lakini mimi nilizaliwa mjini hapa hapa. Ndizi nilikuwa naziona zikishushwa kwenye lori, mgomba wenyewe nilikuwa nausikia tu kwenye hadithi za baba. Mchana nilishinda kwenye meza ya mboga, jioni nikaenda kusoma masomo ya watu wazima. Nilisoma hivyo miaka minne, wenzangu wakinicheka kwamba nitamaliza nikiwa na mvi, na mwisho nikapata cheti cha kidato cha nne. Mwanangu, cheti kile nilikitembeza sokoni kama mtu aliyezaa pacha! Nilimwonyesha muuza nyanya, nikamwonyesha muuza nazi, nikamwonyesha hata mteja aliyekuja kuulizia bei ya hoho. Wenzangu wakaanza kuniita Profesa. Wao waliita kwa utani, mimi niliitika kwa dhati.

Na kati ya masomo yote hakuna nililojivunia kama biolojia. Kitabu chetu kilikuwa na mchoro mmoja wa uyoga, mweusi na mweupe, una mishale inayoonyesha kofia, bua na mikunjo ya chini ya kofia. Mchoro mmoja! Nami nikajiona nimeumaliza uyoga wote wa dunia hii, na unaokuja kesho.

Sasa, karibu na meza yetu kulikuwa na duka la vitenge, na ndani yake kulikuwa na fundi wa kushona aliyeitwa Fausta. Alikuwa akija kununua mchicha fungu moja, anakaa dakika arobaini akiuchagua. Mama yangu alisema hajawahi kuona mchicha unaochaguliwa hivyo. Baada ya miaka miwili ya kuchagua mchicha, tukaelewana kwamba sasa niende kwao nikajitambulishe.

Baba yake Fausta alikuwa ameshafariki. Baba zake wadogo walikuwa huko Songea, nao walisema wazi kwamba neno la binti huyo liko kwa bibi yake, aliyemzaa huyo marehemu. Akikubali, wamekubali, akikataa, nisiwasumbue. Bibi huyo, Bibi Skola, alikuwa amekuja Dar kukaa miezi miwili na mjukuu wake na mkwe wake, Mama Fausta, kwenye hiyo nyumba ya Mchafukoge. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye macho ya mtu anayepima kitambaa kabla hajakinunua.

Basi siku moja ya wiki Fausta akaja mezani kwetu, hata mchicha hakuugusa.

"Eli, Bibi hali vizuri. Anasema mji huu una kila kitu isipokuwa uyoga."

"Uyoga gani anautaka?"

"Wa kichuguu. Anasema akiupata kabla hajarudi kwake, atampa baraka aliyeuleta, hata akiwa mwizi."

"Naujua," nikasema.

"Unaujua kweli?"

"Fausta! Unaongea na mtu aliyesoma biolojia."

Mama yangu, aliyekuwa anafunga vitunguu, akainua kichwa. "Wewe Elibariki umeanza lini kujua uyoga? Kwetu sisi mbona hatuli sana?"

"Mama, haya mambo ni ya kitaalamu," nikamjibu. Mama akarudi kwenye vitunguu vyake. Alikuwa na hekima ya kutobishana na cheti.

Mvua za masika zilikuwa zimeanza. Jumamosi asubuhi rafiki yangu Side, aliyekuwa na pikapu ya kubebea mboga, akanipeleka Pugu, kule ukingoni mwa msitu. Yeye alibaki barabarani anapiga soga na wauza mkaa, mimi nikaingia na ndoo na kisu. Haukupita muda nikaona kichuguu, na pembeni yake uyoga umesimama, mweupe unaoelekea kahawia, kofia yake ina ncha katikati kama kilele cha mlima. Nikafurahi. Uyoga upo, kichuguu kipo, biolojia imeshinda! Nikaukata wote juu juu ya udongo, kama tunavyokata kabichi, nisije nikabeba uchafu.

Lakini ulikuwa mchache, haufiki hata robo ya ndoo, nami nilikuwa nakwenda ukweni. Nikasonga mbele kidogo mpaka kwenye uwazi wenye majani mafupi. Mwanangu, nikakuta uyoga umejipanga mduara, mkubwa kama sahani za harusini, mweupe, wa kupendeza mno! Ule wa kichuguu niliuona ghafla kama maskini wa ukoo. Kwenye mmojawapo kulikuwa na mahali pametafunwa, na konokono yuko pale pale anatembea kwa afya zake. Nikasema, ikiwa konokono anakula na hafi, mimi nani niogope? Nikakata, nikajaza ndoo mpaka ikawa na kilima juu. Nakwambia ulikuwa uyoga wa kulisha wilaya yote ya Ilala na wengine wakafungiwa.

Sasa ndiyo lile kosa lenyewe, na ni kosa la mtu wa Kariakoo tu; mtu wa kijijini asingelifanya hata akiwa usingizini. Nilirudi mezani kwetu mchana nikaanza kuutengeneza mzigo. Wewe unajua kazi yetu. Mchicha unakatwa mizizi, vitunguu vinavuliwa maganda ya nje, kabichi linachojolewa majani yaliyochoka, karoti inaoshwa mpaka ing'ae. Mama alinifundisha tangu nina miaka saba kwamba mteja haji sokoni kununua udongo. Basi nikaufanyia uyoga vile vile. Nilitoa niliyoyaona machafu: magamba ya kahawia yaliyokuwa juu ya zile kofia kubwa, nikayasugua yakatoka. Kwenye bua kulikuwa na kitu kama kola ya shati, kinazunguka shingo, nikaona kinaharibu sura, nikakivua kimoja kimoja. Chini mabua yalikuwa yamevimba, nikayakata yalingane na ya wenzake. Nikaosha maji matatu. Nilipomaliza, wa kichuguu na wa majani ulikuwa ndoo moja, sura moja, mweupe kama watoto wa komunyo ya kwanza.

Na ili nisije nikaambiwa sikufanya uchunguzi, nikachemsha mmoja na kitunguu kwenye sufuria ya chai ya mama. Nilishasikia sokoni kwamba uyoga mbaya unakifanya kitunguu kiwe cheusi. Kitunguu kilitoka cheupe vile vile. Nikaumwaga ule uyoga, nikapiga makofi peke yangu.

Jumapili baada ya misa nikapanda zile ngazi. Side alinileta kwa pikapu yake akapanda nami, eti kunisindikiza, lakini najua alifuata chakula. Mama Fausta akatukaribisha, Fausta amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na Bibi Skola amekaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa jiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Ndiye wewe Profesa?"

"Ndiye mimi, Bibi."

"Haya, lete nione."

Nikafunua kitambaa kwa mbwembwe, kama mtu anayefunua mnara. Nilisubiri vigelegele. Bibi alichukua uyoga mmoja, akaugeuza, akaunusa, akauweka chini. Akachukua mwingine. Akachukua wa tatu. Tulisikia honi za magari huko chini barabarani.

"Mguu wake uko wapi?" akauliza.

"Niliukata, Bibi. Ulikuwa na udongo."

"Na hapa shingoni alikuwa amevaa kitu?"

"Mingine ilikuwa na vikola. Nilivitoa."

"Na kichwani?"

"Magamba kidogo. Nayo niliyasugua."

Akamgeukia Fausta. "Mjukuu wangu, mchumba wako ameniletea watu bila miguu na bila nguo, amewanawisha nyuso, sasa anataka mimi niwatambue ukoo." Side akacheka. Nikamkanyaga mguu.

"Bibi, nimeupima," nikajitetea. "Nimeuchemsha na kitunguu, kitunguu hakikubadilika. Na konokono aliula nikimwona."

"Ahaa. Huyo konokono ulikaa naye mpaka kesho yake?"

"Hapana, Bibi."

"Ulimwachia anwani akuandikie anaendeleaje?"

"Hapana."

"Na wewe na konokono mna tumbo moja?"

Sasa Side alicheka mpaka akaenda kusimama dirishani. Mama Fausta akafunika mdomo kwa kanga. Fausta peke yake hakucheka. Alikuwa ananiangalia mimi.

Bibi akasogeza kiti. "Sawa. Mimi uyoga huu sasa hivi siwezi kuusema, umeuharibu. Lakini wewe uliuona ukiwa umesimama. Wewe unaujua?"

Hapo, mwanangu, mlango ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kutoka kwa neno moja dogo. Lakini cheti kilinipanda kichwani. Nikasema, "Naujua."

"Vizuri sana," akasema Bibi kwa upole. "Basi tufuate mila. Kwetu, aliyechuma uyoga ndiye anayekula wa kwanza. Anakula sahani nzima, peke yake, sisi wengine tunamtazama. Tunasubiri mpaka kesho saa kama hizi. Akiamka salama, ndipo na sisi tunakula, na siku hiyo hiyo tunapanga harusi. Mkwe wangu, bandika sufuria."

Mama Fausta akabandika. Sasa fikiria mimi nimekaa pale sebuleni, jasho linaanzia kisigino linapanda juu, maana hata jasho lilipotea njia. Mafuta yakaanza kulia. Kitunguu kikaingia, harufu ikajaa nyumba. Mimi nilikuwa naona mduara ule wa uyoga kwenye majani, mkubwa, mweupe, na najiuliza: ule ni wa kichuguu kweli? Mbona pale hapakuwa na kichuguu? Nikajiona nimelazwa kwenye jeneza, na cheti changu cha kidato cha nne kimewekwa juu ya kifua, wauza nazi wote wa Kariakoo wanapita wanakisoma. Na mbaya zaidi nikafikiri: je, kama kusingekuwa na hiyo mila? Wangekula wote. Fausta angepakua yeye, angempa bibi yake kwanza, kwa heshima.

Mama Fausta akainua ndoo.

"Mama, usimimine!" Nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Nikasimama. "Usimimine. Siujui."

"Hujui nini?" Bibi akauliza.

"Huo uyoga, Bibi. Ule mchache labda ni wa kichuguu. Mwingine nimeukuta kwenye majani tu. Siujui. Sijawahi kuula. Sijui chochote, nilitaka tu unikubali."

Mama Fausta akaiweka ndoo chini. Halafu Bibi Skola akaanza kucheka. Alicheka mpaka kilemba kikamlegea, akapiga mapaja, akashika ukuta.

"Mila! Eti mila! Nani alikuambia kuna mila ya namna hiyo? Mzee gani anaua mkwe kwanza ili ajue kama chakula ni kizuri? Nilitaka nione kama mwenyewe unauamini."

Kila mtu akacheka, hata mimi, ingawa changu kilikuwa kicheko cha mtu aliyetolewa kisimani. Fausta alikuja akanipa glasi ya maji. Alininong'oneza, "Ungekula, nisingekusamehe." Maji yale sijapata kunywa matamu kama hayo.

Bibi akaagiza ndoo yote ikatupwe. Nikauliza, "Hata ule wa kichuguu?" Akasema, "Nionyeshe upi ni upi." Sikuweza. Nilikuwa nimeuosha vizuri mno. Ikamwagwa yote kwenye mfuko, ukafungwa, na ndoo ikasuguliwa kwa sabuni mara nyingi kuliko nilivyousugua uyoga.

"Sasa," akasema Bibi akifunga kilemba upya, "huyo kijana mwenye gari anacheka sana, ina maana ana nguvu. Nipelekeni Pugu."

Mwanangu, ungeona msafara ule! Bibi mbele na Side, sisi watatu nyuma ya pikapu tumevaa nguo za misa, Mama Fausta ameshika mwiko na kisu cha jikoni. Tulipita Kariakoo wenzangu wakaniona. "Profesa, mnahama?" Nikapunga mkono kama waziri.

Pugu nikawapeleka kwenye kile kichuguu. Vile vishina nilivyoviacha bado vilikuwa pale, vimesimama kama vigoda vya watoto. Bibi akapiga magoti na gauni lake la Jumapili, akaanza kuchimba taratibu pembeni ya kimoja. Akachimba, akachimba. Mguu wa uyoga haukuishia kwenye udongo kama nilivyodhani. Uliendelea kushuka kama mzizi, mrefu kama mkono wangu mpaka kwenye kiwiko, unazidi kuwa mwembamba kadiri unavyozama, mpaka ukafika ndani kabisa kwa mchwa wenyewe.

"Unaona?" akasema. "Huyu anatoka nyumbani kwa mchwa. Mchwa ndio wamemlima. Hapo ndipo anapojitambulisha, na hapo ndipo wewe ulipomkata."

Kisha nikampeleka kwenye majani. Mduara ulikuwa umebakiza michache niliyoiacha kwa sababu ilikuwa imezeeka. Bibi hakuhitaji mwiko. Aliung'oa mmoja kwa vidole viwili, ukatoka mzima mara moja. Hauna mzizi. Chini umevimba kama kitunguu. Shingoni ile kola, akaishika ikateleza juu na chini kwenye bua. Kichwani yale magamba. Halafu akaugeuza, akanionyesha mikunjo ya chini ya kofia. Ilikuwa inaelekea kijani, rangi kama ya ukungu wa mkate.

"Huu ungekutapisha mpaka ukatapika chai ya juzi," akasema. "Mimi kwa umri wangu sijui kama ningefika asubuhi."

Zaidi ya robo tatu ya ndoo yangu ilitoka pale. Alama zote alizonionyesha, kola, magamba, uvimbe wa chini, zote nilikuwa nazo mkononi jana yake, na zote nilizitoa mwenyewe nikidhani nafanya usafi.

Tukageuka kurudi kwenye kichuguu, na njiani, chini ya mti, nikaona uyoga mwingine mdogo, wa manjano kama kiini cha yai, mzuri wa kuweka mezani bila kula. Sasa nilikuwa mwanafunzi mwenye bidii. "Bibi, na huu?"

Akainama. Akautazama juu, akautazama chini, akachimba kidogo kuona mguu, akaunusa. Alichukua muda mrefu kuliko kote. Halafu akasimama akafuta mikono.

"Siujui."

"Wewe, Bibi? Kabisa?"

"Kabisa. Kwetu upo unaofanana na huu na tunaula. Lakini huu si ule, au labda ni ule. Wenyeji wa hapa huenda wanaujua. Mimi siujui."

Akaupita. Hakuangalia nyuma, hakusikitika, hakujieleza. Mwanamke aliyechuma uyoga tangu anabebwa mgongoni, mbele ya mkwe wake na wageni, alisema "siujui" kama mtu anavyosema leo ni Jumapili. Mimi mwenye mchoro mmoja wa kitabuni nilikuwa nimeogopa neno hilo kuliko kifo.

Upande wa pili wa kichuguu tulipata uyoga mpya uliochomoza asubuhi ile, kumi na mmoja. Bibi hakuruhusu kisu. Nilichimba mwenyewe, mmoja mmoja, na mizizi yake na udongo wake, nikaubeba ndani ya kanga ya Mama Fausta. Kila nilipotaka kupangusa udongo, Bibi alinipiga kikofi cha mkono. "Uache na ushahidi wake." Tulipofika nyumbani aliupanga mezani juu ya gazeti, akaukagua tena wote mmoja mmoja, kofia, mikunjo, mguu, mzizi. Kumi akaiweka kulia. Mmoja, uliokuwa umeanza kulegea, akautupa. Ndipo akasema, "Sasa osha."

Ulipikwa na karanga za kusaga, ukaletwa na ugali. Kila mtu alipata kama vijiko vitatu tu. Lakini vijiko hivyo, mwanangu! Kuku angeuonja mchuzi ule angeomba radhi kwa kujiita mboga. Side alikomba sahani mpaka maua yaliyochorwa ndani yake yakaanza kufutika.

Tulipomaliza, Bibi akanawa, akaegemea kiti.

"Fausta, huyu kijana wako ni mwongo."

Kijiko kilinidondoka.

"Lakini ni mwongo wa kutaka sifa," akaendelea, "na hao wanatibika. Nimeishi na wa aina nyingine. Wapo ambao wangeona aibu kusema mbele ya mchumba na mama mkwe, wakaacha sufuria imiminwe, wakaja kulia msibani. Huyu mafuta yalikuwa yanachemka, na amesema." Akanigeukia. "Wewe Mchaga, mwambie mama yako aje tuzungumze. Aje na ndizi, asije na uyoga."

Mama yangu alikuja Jumamosi iliyofuata na mikungu mitatu, akasindikizwa na nusu ya Kariakoo. Fausta sasa yuko ndani huko anasema hadithi hii naiongezea chumvi. Naiongezea, sikatai, lakini ile ndoo na ule mduara kwenye majani sijaviongezea hata punje.

Sasa sikiliza neno langu. Nyinyi leo mkiona uyoga mnaupiga picha, simu inawatajia jina, mnashukuru mnakwenda jikoni. Mwanangu, picha inaona juu tu. Haioni mguu uliozama ardhini, hainusi, haigusi kola ikateleza. Hata mimi nilikuwa na picha, ilikuwa kitabuni. Ukitaka kujua uyoga, mfuate mtu aliyeula utotoni mahali hapo hapo unapochumwa, mwende naye, akuonyeshe ukiwa umesimama. Usipokuwa naye, acha. Kitunguu hakipimi sumu, kijiko kinachotumbukizwa sufuriani hakipimi, na mdudu akila anakula kwa tumbo lake. Ung'oe mzima, na udongo wake. Usiusafishe kabla aliyebobea hajauona. Usichanganye wa huku na wa kule kwenye chombo kimoja. Ukiwa na shaka na mmoja uliochanganyika na wenzake, mwaga wote, hata ikikuuma. Na mtu akiula akaanza kutapika au tumbo likamsokota, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo na mabaki ya uyoga wenyewe mkononi, hata akisema amepata nafuu.

Na si uyoga tu. Utaajiriwa, utaulizwa jambo mbele za watu, utaona neno "najua" linakuwasha kwenye ulimi. Wapo watu watakaokula kwa kuamini neno lako hilo. Waangalie usoni kwanza, mmoja mmoja, kabla hujalitoa. Kama hujui, sema hujui, na sema mapema, sufuria ikiwa bado tupu. Hakuna aliyewahi kunidharau kwa sababu ya ile "siujui" yangu, na ndiyo iliyonipa mke.

Mungu akulinde uendako, mwanangu. Akupe tumbo lenye afya na ulimi usioona haya. Akukutanishe na wazee wakali wenye kicheko, wakuulize maswali mpaka utoke jasho, na watoto wako wakae mezani kwako wale washibe bila wasiwasi.